Mume wangu ana Parkinson na anazidi kukonda: je, niendelee kumnyima nyama na mayai?

SWALI

Mheshimiwa mshauri,

Ninakuandikia kwa ajili ya mume wangu, mwenye umri wa miaka 72, ambaye aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson miaka saba iliyopita. Kwa muda mrefu vidonge vyake vya levodopa vilivyochanganywa na karbidopa vilimtosheleza, naye alijitegemea kwa mambo mengi. Kisha tulianza kuona kwamba baada ya chakula cha mchana, hasa siku alizokula nyama au maharagwe, dawa ilikuwa haishiki: miguu ilikuwa mizito, sauti ilififia, na alibaki kitini hadi jioni.

Kijana wetu mkubwa, ambaye anampenda sana baba yake, alisoma kwamba protini huizuia dawa hii kufanya kazi. Tangu hapo aliagiza nyama, samaki, mayai, maziwa na jamii yote ya kunde viondolewe katika mlo wa baba. Mwanzoni nilimshukuru, kwa kuwa kweli mume wangu alitembea vizuri zaidi. Lakini sasa imetimia miezi sita, na uzito wake umeshuka kutoka kilo 70 hadi kilo 61. Urefu wake ni sentimita 170. Nguo zinampwaya, mashavu yamebonyea, na hawezi kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Zaidi ya hayo, asubuhi, muda mfupi baada ya kumeza dawa, mabega na shingo yake huanza kujinyonganyonga bila yeye kutaka, jambo ambalo awali halikuwapo. Nilipomweleza mhudumu aliyempima, aliangalia jedwali lake akasema kwamba uzito huo ni wa kawaida kwa urefu wake, na kwamba wazee hukonda.

Yapo na mengine. Hula polepole mno, na sahani moja humchukua karibu saa nzima. Anapokunywa maji hukohoa. Anasema chakula hakina harufu wala ladha. Choo hupata mara mbili kwa wiki, tena kwa taabu. Nilimnunulia vidonge vya madini ya chuma ili aongeze damu na nguvu, na ninampa pamoja na dawa zake wakati wa kifungua kinywa, kwa sababu niliambiwa dawa kali haimezwi tumbo likiwa tupu.

Mezani sasa ni ugomvi. Nikimwekea yai, kijana anakasirika. Nisipomwekea, mimi ndiye ninayekosa raha. Mume wangu amechoka kutusikia tukibishana, na siku nyingine husema hana hamu ya kula ili tu tunyamaze. Tafadhali niambie, nimfuate nani?

Wako,
Mama mwenye wasiwasi

JIBU

Mama mheshimiwa, shikamoo, na asante kwa barua iliyoeleza mambo kwa undani kiasi hiki. Nitaanza na jibu la swali lako, kisha nitoe sababu. Protini irudi katika mlo wa mume wako. Irudi polepole, kwa muda wa wiki moja au mbili, na daktari wake ajulishwe kabla hujaanza, kwa sababu nitakazozieleza. Mwanao hakukosea katika alichokiona. Ni kweli kwamba protini inaweza kupunguza nguvu ya levodopa. Alipopotoka ni kudhani kwamba dawa ya tatizo hilo ni kuiondoa protini yote, ilhali linalotakiwa ni kuipangia saa zake.

Levodopa yenyewe ni asidi amino, yaani ni ya jamii moja na chembe ndogo zinazopatikana protini inapomeng'enywa tumboni. Haifyonzwi katika mfuko wa tumbo bali katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na ili iingie kwenye damu inahitaji kubebwa na vibebaji maalumu vilivyomo katika ukuta wa utumbo. Vibebaji hivyohivyo ndivyo vinavyozibeba asidi amino za nyama, maziwa na maharagwe. Baadaye, damu inapofika kwenye ubongo, mashindano hayo hurudiwa, kwa kuwa levodopa haiwezi kupenya bila kupokewa na vibebaji vya aina hiyo. Fikiria mlango mmoja mwembamba na umati wa watu uliofika kwa wakati mmoja: mtu mmoja aliyebeba barua ya haraka atasukumwa nyuma, si kwa sababu umati ni adui yake, bali kwa sababu wote wamefika saa ileile. Mchana, baada ya sahani ya nyama, levodopa ya mume wako ilikuwa katika umati huo.

Jambo hili halimpati kila mwenye Parkinson. Katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa, wengi hula watakacho bila kuona tofauti yoyote, kwa kuwa ubongo bado una akiba ya kuhifadhi dopamini, yaani kemikali ya kuongoza miendo ambayo levodopa hugeuzwa kuwa, na kuitoa kwa utaratibu. Athari ya chakula hudhihirika zaidi kwa wale ambao dawa imeanza kushika na kuachia mara kadhaa kwa siku, kama inavyoelekea kuwa kwa mume wako baada ya miaka saba. Ninalisema hili kwa sababu nimewaona watu waliogunduliwa karibuni wakijinyima mayai na samaki kwa hofu ya tatizo ambalo hawana.

Sasa tuutazame uzito, maana hapo ndipo ninapohofia zaidi kuliko miguu inayokuwa mizito mchana. Mume wako amepoteza kilo 9 kati ya 70, karibu asilimia 13 ya uzito wake, katika miezi sita. Vigezo vinavyotumiwa na wataalamu wa lishe huanza kuhesabu utapiamlo pale mtu anapopoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia, na zaidi ya asilimia 10 katika muda huo huhesabiwa kuwa kiwango kikali. Aliyekutuliza kwa jedwali alisoma namba sahihi kwa namna isiyofaa. Uwiano wa uzito na urefu wa mume wako (BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ni takriban 21, nao kwa kijana ungekuwa mzuri kabisa. Lakini kwa mtu aliyevuka miaka 70, vigezo hivyohivyo huuhesabu uwiano ulio chini ya 22 kuwa mdogo. Hata kama ungekuwa juu ya hapo, kasi ya kushuka ingetosha kutuamsha. Anayekonda hivyo hapotezi mafuta pekee, bali misuli pia, na kushindwa kuinuka kitini bila kushikwa ni dalili kwamba misuli ya mapaja imekwisha kuguswa. Kwa mwenye ugonjwa unaoangusha watu, misuli dhaifu na mifupa isiyo na lishe humaanisha kuanguka na kuvunjika, na mara nyingi nyonga ndiyo inayovunjika.

Kuna jambo jingine katika barua yako ambalo huenda hukuliunganisha na uzito, nalo ni kule kujinyonganyonga kwa mabega na shingo asubuhi. Mara nyingi hiyo ni ishara kwamba levodopa inayofika kwenye ubongo imezidi mahitaji kwa saa hizo. Vidonge havikuongezwa, kilichobadilika ni mwili unaovipokea. Kwanza, protini ilipoondolewa, dawa ilipata njia nyeupe. Pili, dozi iliyopangwa kwa mtu wa kilo 70 sasa inamezwa na mtu wa kilo 61, kwa hiyo kila kilo ya mwili wake inapata dawa nyingi zaidi. Na kwa kuwa mwili unaojinyonga kutwa hutumia nguvu nyingi, misukosuko hiyo humpunguza uzito, uzito ukipungua dozi huzidi kuwa kubwa kwake, na misukosuko huongezeka tena. Mzunguko huo haukatwi na chakula pekee, na ndiyo maana ninataka daktari wake wa mfumo wa neva aangalie upya dozi na saa za dawa wakati huohuo ambapo wewe unarudisha protini. Tafadhali msipunguze vidonge wenyewe nyumbani, wala msivikatize ghafla kwa sababu yoyote ile. Kuacha levodopa kwa mkupuo kunaweza kuleta homa kali, misuli kukakamaa mwili mzima na akili kuchanganyikiwa, hali ambayo inaweza kuua.

Hatua ya kwanza ninayopendekeza ni nyepesi kuliko zote, na mara nyingine hutosha yenyewe: kutenganisha vidonge na chakula. Levodopa ikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, hupita tumboni ikiwa peke yake na kufika kwenye utumbo mwembamba mapema. Ikiwa dakika hizo zimepita bila kumezwa, subirini saa moja au mbili baada ya mlo, ila kama daktari amewapa maelekezo mengine. Ushauri uliopewa wa kutomeza dawa tumbo likiwa tupu unafaa kwa baadhi ya dawa, lakini kwa levodopa kwa kawaida unafaa tu mwanzoni mwa matibabu, wakati kichefuchefu kinasumbua. Kama mume wako hupata kichefuchefu, mpe biskuti kavu moja au kipande cha mkate pamoja na kidonge, si maziwa. Kichefuchefu kikizidi, muulizeni daktari, na kumbukeni kwamba metoklopramidi na proklorperazini, dawa mbili zinazotolewa kwa wepesi kwa ajili ya kutapika, hazimfai mwenye Parkinson kwa sababu huizuia dopamini ndani ya ubongo.

Vidonge vya madini ya chuma viondoke kwenye kifungua kinywa leo hii. Chuma hushikamana na levodopa tumboni na kuifanya isifyonzwe vizuri, kwa hiyo vitu hivi viwili viachane kwa saa mbili au zaidi. Isitoshe, hujaniambia kama damu yake ilipimwa. Kama hana upungufu wa chuma, vidonge hivyo havitampa nguvu unayoitafuta, na vitakachofanya kwa hakika ni kukifanya choo chake kiwe kigumu zaidi ya kilivyo sasa.

Turudi kwenye sahani. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, lakini mzee, hasa aliyekonda, huhitaji kati ya gramu 1 na 1.2, na pengine zaidi. Kwa mume wako hiyo ni kama gramu 61 hadi 73 kwa siku, mradi figo zake ni nzima. Kama ana ugonjwa wa figo, kiasi hicho kipangwe na daktari. Ili upate picha, yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8, na gramu 100 za nyama au samaki waliopikwa zina kati ya gramu 20 na 30. Unaona kwamba si chakula kingi cha kutisha. Asubuhi na mchana, wakati anaohitaji kutembea na kuzungumza vizuri, mpe milo iliyojengwa juu ya vyakula vya wanga, matunda, mboga na mafuta, pamoja na protini kidogo tu. Nimesema kidogo; sikusema hakuna. Sehemu kubwa ya protini ije katika mlo wa jioni na katika kitafunio cha kabla ya kulala, kama vile bakuli la mtindi. Mpangilio huu umetumiwa na wataalamu tangu miaka ya 1980 kwa wagonjwa ambao dawa yao huyumbishwa na chakula, nao huwasaidia wengi wao.

Mpangilio huu una kasoro zake, na ni haki uzijue. Protini ikihamia jioni, huenda dawa ya usiku ikashika vibaya, na mume wako akapata shida kujigeuza kitandani au kwenda msalani. Hilo likitokea, mwambie daktari, kwa kuwa zipo aina za levodopa zinazotolewa polepole ambazo hupewa baadhi ya wagonjwa wakati wa kulala. Kasoro ya pili ni ile iliyowapata tayari: kula protini kidogo mchana huweza kugeuka kuwa kula kidogo kwa jumla. Kwa hiyo, kama itabidi uchague kati ya alasiri moja ya miguu mizito na siku nzima ya kula nusu ya anachohitaji, kwa sasa chagua ashibe. Alasiri hiyo daktari ana njia za kuirekebisha kwa kupanga dawa upya, lakini misuli ikishapotea katika umri wa miaka 72 hurudi kwa shida.

Mafuta ndiyo rafiki yako wa mchana. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu ya wanga au ya protini ina 4, na mafuta hayashindanii vibebaji vya levodopa. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kikichanganywa kwenye viazi vilivyopondwa au mboga kinaongeza kalori 120 hivi bila kuongeza ukubwa wa sahani, na parachichi nusu huongeza zaidi ya hapo. Lengo la kuanzia ni nyongeza ya kalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya anachokula sasa. Usimimine mafuta yote katika mlo mmoja, maana mlo wenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, na tumbo la mwenye Parkinson hata bila hivyo hujimwaga polepole. Kidonge kinachofuata kikikuta tumbo limejaa, kitasubiri humo humo. Ndiyo maana pia mtu wa namna hii husema ameshiba baada ya vijiko vichache. Milo midogo mitano au sita kwa siku humfaa kuliko mitatu mikubwa, na humpunguzia pia ule mshuko wa shinikizo la damu unaowapata wagonjwa wengi baada ya kula sana, hadi wakasikia kizunguzungu wanaposimama.

Nimekiweka kikohozi cha wakati wa kunywa maji katikati ya barua hii, ingawa kwa uzito wa jambo kingestahili kutangulia. James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, alikwisha kutaja shida ya kutafuna, kumeza, kutokwa na mate na choo kigumu, lakini hadi leo watu huutazama mtetemo wa mikono na kuisahau koo. Misuli ya kumeza hupungua kasi kama misuli ya miguu. Kikohozi wakati wa kunywa, sauti inayokuwa kana kwamba ina maji baada ya kula, chakula kinachobaki mashavuni na mlo unaopita nusu saa ni dalili kwamba kumeza si salama. Hatari yake si kupaliwa tu. Chakula au mate yakiingia mapafuni huleta nimonia, ambayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo kwa wenye Parkinson, na kwa baadhi yao huingia kimyakimya bila hata kukohoa. Mume wako anahitaji kupimwa na mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza, na ningeomba rufaa hiyo kabla ya kuomba nyingine yoyote.

Mkingoja kipimo hicho, mlishe wakati dawa imeshika, akiwa ameketi wima, miguu ikiwa imekanyaga sakafu, na abaki wima kwa nusu saa baada ya kula. Televisheni izimwe, na asiongeleshwe akiwa na tonge mdomoni. Anywe kwa funda dogo dogo, huku kidevu kimeinama kidogo badala ya kuinuliwa. Glasi pana humsaidia zaidi ya chupa, ambayo humlazimisha kurudisha kichwa nyuma. Epukeni vyakula vyenye majimaji na vipande vigumu kwa pamoja, kama supu yenye vipande vya nyama, kwa sababu majimaji hukimbilia kooni wakati vipande bado vinatafunwa. Samaki asiye na miba, mayai yaliyovurugwa yakabaki laini, mtindi na maharagwe yaliyopondwa humezwa kwa urahisi kuliko nyama ya kuchoma, na kwa bahati njema vyote hivyo ni protini. Kuyafanya maji yawe mazito kwa unga maalumu ili yamezwe polepole kusianzwe kwa kubahatisha. Wengine huyachukia maji hayo, wakaacha kunywa, wakakaukiwa maji mwilini. Meno na ulimi vipigwe mswaki asubuhi na jioni, kwa sababu mdomo mchafu huongeza madhara ya mate yanayoteleza kwenda mapafuni. Akipata homa, akikohoa makohozi yenye rangi, akipumua kwa shida au akishindwa kabisa kumeza vidonge vyake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Choo ni sehemu ya suala hilihili la kula. Mtu ambaye utumbo wake umejaa kwa siku tatu hawezi kuwa na hamu ya chakula, na hata levodopa yake huchelewa. Ugonjwa huu hugusa neva za utumbo, mara nyingine miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka, kwa hiyo usidhani ni uzembe wake wa kunywa maji. Maji yawe lita moja na nusu hadi mbili kwa siku kama moyo na figo zinaruhusu, matunda na nafaka zisizokobolewa ziongezwe taratibu, na atembee kila siku kadiri awezavyo. Kama bado anapata choo mara mbili kwa wiki, anahitaji dawa ya kulainisha choo ya matumizi ya kila siku, kama makrogoli, na hakuna aibu kuitumia kwa muda mrefu akielekezwa na daktari.

Kuhusu harufu na ladha, pua ya mwenye Parkinson mara nyingi hupoteza uwezo wake mapema, na haitarudishwa na dawa. Viungo, ndimu, vitunguu na tofauti ya joto na ubaridi katika sahani moja humpa ulimi kitu cha kushika. Vifaa vya mezani ni suala jepesi: kijiko chenye mpini mnene, sahani yenye kingo zilizoinuka na kitambaa kisichoteleza chini yake.

Lipo swali ambalo ningependa daktari amuulize mume wako wakiwa wawili tu: kama ana huzuni. Unyogovu ni sehemu ya ugonjwa wa Parkinson, si udhaifu wa tabia, nao huondoa hamu ya kula kabla haujaonekana kwa machozi. Unatibika. Vilevile, mtu asikubali jibu kwamba Parkinson pekee ndiyo imemkondesha mpaka vipimo vingine vifanyike: sukari ya damu, tezi ya shingo, figo, ini, wingi wa damu, vitamini B12 na D, hali ya meno, na uchunguzi wa maambukizi sugu na saratani kadiri daktari atakavyoona inafaa. Kwa mtu wa miaka 72 aliyepoteza kilo 9, huko si kutia chumvi.

Nabaki na mwanao. Usimwambie kwamba alikosea, maana jicho lake liliona uhusiano wa chakula na dawa ambao huenda hata kliniki haikuuona, na jicho hilo tunalihitaji. Mpe daftari, na kwa siku saba aandike saa ya kila kidonge, saa ya kila mlo na kilichokuwamo, saa ambazo dawa imeshika, saa ambazo imeachia, na saa za kujinyonganyonga. Daktari wa neva akipewa kurasa hizo atapanga dozi kwa uhakika kuliko akisimuliwa. Mkubaliane pia kwamba habari za protini zitazungumzwa jikoni au sebuleni, kamwe si mezani mbele ya mgonjwa, na kwamba mume wako mwenyewe ataulizwa anataka kula nini. Katika barua yako yote sikusikia matakwa yake.

Mpimeni uzito mara moja kwa wiki, kwa mizani ileile, asubuhi baada ya kutoka msalani, akiwa na nguo nyepesi. Katika mwezi wa kwanza nisingetarajia apande. Ningeridhika kuona kilo 61 zimesimama pale pale. Zikiendelea kushuka baada ya wiki nne za mpangilio huu, mrudi kwa daktari bila kungoja tarehe ya kliniki, muombe kuonana na mtaalamu wa lishe, na mzungumzie vinywaji vya lishe vilivyokolezwa. Kwa kuwa vingi kati ya hivyo vina protini ya kutosha, navyo anywe usiku.